Shela linabana? Msake fundi mapema, shoga!

  

Wiki hii naongea na kina dada ambao pete iko kidoleni, vikao vya kamati vimeshaanza na kadi za michango zimeanza kuwafanya watu wazime simu. Na nyie makaka msikimbilie kurasa za mpira. Zipu ya bibi harusi ikifumuka pale mbele za watu, anayesimama pembeni yake akikodoa macho ni nani kama siyo wewe?

Mada yenyewe ni gauni la harusi. Sizungumzii duka gani zuri wala mtindo upi uko kwenye chati, hayo mnayajua kuliko mimi. Nazungumzia kazi ya kulirekebisha mpaka likae mwilini: kulibana, kulilegeza, kulikata chini, kulipandisha mabega. Nenda kwenye kikao chochote cha kamati, utakuta bajeti ina mstari wa ukumbi, mapambo, matarumbeta, MC, keki ya ghorofa tano na kamera ya kuruka angani kama kunguru. Mstari wa fundi wa gauni hakuna. Fundi eti "atapewa ya soda". Haya, Jumamosi ikifika bibi harusi anatembea kashika kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyeficha embe, ndipo watu wanaulizana kulikoni.

(Kabla sijaendelea, hapa mjini tumezoea kuliita gauni zima "shela". Shela lenyewe hasa ni ule mtandio wa neti unaofunika kichwa. Lakini mimi ni nani nibishane na mji mzima? Huku ndani nitaita gauni, kichwa cha habari mnisamehe.)

Magauni mengi yanayouzwa na kukodishwa Sinza, Kinondoni na Kariakoo yameshonwa viwandani, mengi yametoka China, na kule kiwandani hakuna anayekujua wewe. Wanafuata saizi zao za kwenye karatasi. Sasa wewe kifua ni saizi 12, kiuno 8, na nyuma Mungu kakujalia 16 ya nguvu. Gauni la saizi moja litakukaaje? Kwa hiyo likikataa siku ya kwanza siyo mkosi, wala wifi yako hajakufanyia kitu. Ni kawaida kabisa, na dawa yake ni fundi.

Hata wakubwa wa dunia yaliwakuta. Lady Diana alipoolewa na Prince Charles tarehe 29 Julai 1981 katika kanisa la St Paul's, London, gauni lake lilishonwa kwa ajili yake peke yake na David na Elizabeth Emanuel, likiwa na mkia wa futi 25. Lakini msichana alikuwa anakonda miezi yote ile ya uchumba, ikawa kila akija kujaribisha mafundi wanalipunguza tena. Na pamoja na ufundi wote huo, ile hariri ya tafeta ilijikunja ndani ya gari la farasi, aliposhuka dunia nzima ikaona makunyanzi. Sembuse wewe na Noah ya kukodi kutoka Mbagala!

Basi jambo la kwanza ni hili: ukishindwa kupata saizi yako kamili, chukua linalokuzidi. Kupunguza gauni ni kazi nyepesi kuliko kuongeza. Fundi akipunguza anakamata kitambaa kilichopo, lakini akitaka kuongeza inabidi akitafute, na pa kukitafuta ni ndani ya mshono tu, kwenye kile kitambaa cha akiba kilichoachwa pembeni. Kwa hiyo kabla hujalipa, ligeuze gauni ndani nje. Usione haya, muuzaji akikununia mwache anune. Ukikuta pembeni kuna akiba ya inchi moja kila upande, hapo kuna matumaini. Ukikuta kitambaa kimekatwa pua na mdomo na mshono, ujue gauni hilo halina siri, lilivyo ndivyo litakavyokuwa.

Halafu kuna satini. Satini inang'aa na inapendeza, ila ni mbea ajabu, haifichi kitu. Sindano ikishapita pale tundu linabaki. Ukilegeza mshono wa satini au tafeta, mstari wa zamani unaonekana kama kovu, na taa za mpiga picha ndiyo zinauchongea zaidi. Lesi ni mpole, inaficha mengi. Muulize fundi kabla hajafumua, siyo baada.

Tuje kwenye muda, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Peleka gauni kwa fundi miezi miwili kabla ya harusi, mwezi na nusu kama umechelewa. Jaribisha mara tatu. Ya kwanza fundi anaweka pini na kupiga bandi, ya pili anaona kazi yake imekaaje, ya tatu iwe ndani ya siku kumi za mwisho, kwa sababu mwili wa bibi harusi hautabiriki. Kuna anayekonda kwa mawazo ya ukumbi haujalipiwa. Kuna anayekaa ndani wiki nzima anasingwa, anapakwa hina na kulishwa vinono na mashangazi, akitoka huko kiuno hakijui tena zipu. Na kitu kingine ambacho watu wanaona aibu kukisema: hesabu siku zako. Wengi wakikaribia mwezini tumbo na kifua vinajaa. Kama harusi itaangukia hapo na ulipimwa ukiwa mwepesi, mwambie fundi akuachie nafasi kidogo.

Angalia na kalenda ya mji. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Pasaka ikipita harusi zinamwagika kama mvua za masika zenyewe. Kwa Waislamu nako mwezi wa Ramadhani ukiisha, shughuli zinafululizana. Na Desemba ndiyo usiseme, fundi ana nguo za Krismasi, ana sare za shule za Januari, na wewe unamletea gauni la kufumua shanga mia tatu! Atakupokea kwa tabasamu, atakwambia "njoo Alhamisi", na Alhamisi ukienda utamkuta hajaligusa hata kwa kidole. Mafundi wa cherehani tunawajua, ni ndugu zetu, lakini ahadi zao zina uhai wa mshumaa. Dawa ni kumpa tarehe ya kuchukua mzigo siku kumi kabla ya harusi, na tarehe ya harusi yenyewe usimtajie. Akiijua tu, hiyo ndiyo atakayoifanyia kazi, tena usiku wa kuamkia, na umeme ukikatika ndiyo imekula kwako.

Ukienda kujaribisha, usiende na raba na jinzi. Nimeshaona dada anapimwa juu ya suruali ngumu, halafu anashangaa gauni limepwaya! Nenda na viatu vile vile utakavyovaa siku hiyo, siyo vinavyofanana navyo. Kisigino cha inchi nne na cha inchi mbili vina tofauti ya inchi mbili, na inchi mbili za pindo zinatosha kukuangusha ngazi za kanisani mbele ya paroko. Nenda na sidiria ile ile, na kama gauni linavaliwa na petikoti ya waya, nenda nayo, kwani ile inainua gauni kutoka chini. Pindo la mbele linatakiwa liache kiatu kichungulie kidogo, lisiguse sakafu. Nyuma liburuzike utakavyo.

Na fundi asianze na chini. Akishika mkasi akakimbilia pindo kabla hajamaliza mabega na kifua, mpokonye huo mkasi. Mabega yakipandishwa inchi moja, gauni zima linapanda inchi moja. Sasa kama chini kulishakatwa si utakuwa na gauni la kuvukia mto? Juu kwanza, kiuno baadaye, pindo mwisho. Na kama chini kuna lesi ya maua iliyozunguka, haikatwi hivi hivi. Inafumuliwa, kitambaa kinapunguzwa, kisha lesi inarudishwa kwa mkono. Ni kazi ya siku, usimlipe kama umemletea khanga ya kupindwa.

Shanga vilevile. Kubana gauni lenye shanga pembeni, lazima shanga za pale kwenye mshono zitolewe kwanza, cherehani ipite, halafu zirudishwe moja moja. Fundi akikwambia atapitisha cherehani juu ya shanga, salamu zake, chukua gauni lako uondoke. Sindano itavunjika, shanga zitapasuka, na ukumbini utakuwa unaacha njia ya shanga nyuma yako kama kuku aliyetobolewa gunia.

Sasa nina ujumbe wa msomaji wangu mmoja wa hapa hapa Dar. Ameniomba nisimtaje, nami simtaji. Anasema harusi yake imebaki wiki tano. Gauni alinunuliwa na mama mkwe mtarajiwa, aliagiziwa kwa kuangalia picha kwenye simu, na siku lilipofika lilimkaa barabara, vigelegele vikapigwa. Hiyo ilikuwa mwezi mmoja na nusu nyuma. Juzi amelijaribu peke yake chumbani, zipu imegoma, imebaki wazi upana wa vidole vinne. Dada yetu ana mimba ya miezi mitatu. Mchumba anajua na amefurahi, ila mama mkwe hajui, na ni mtu wa kanisa kwelikweli. Anauliza, je, akijinyima kula kwa wiki hizi tano zipu itafunga? Au ajifunge mkanda wa tumbo?

Mdogo wangu, hapana na tena hapana. Kujinyima kula na wewe una mtoto tumboni ni hatari kwenu wote wawili, na tumbo la mimba halisikilizi njaa yako, linaendelea na safari yake. Mkanda nao achana nao. Fikiria ibada ya saa mbili, joto letu hili, umefungwa tumbo umesimama. Utaanguka, watakufungua hapo hapo kukupepea, na siri unayoificha itatangazwa madhabahuni. Nenda kliniki kama hujaanza, na suala la gauni mwachie fundi, maana kwake ni jambo dogo kuliko unavyodhani.

Cha kufanya, mwambie fundi ukweli. Siyo "nimenenepa kidogo", mwambie mimba ya miezi mitatu na harusi ni wiki tano. Akidhani umenenepa atakupimia tumbo la leo. Akijua ni mimba atapima leo na kuacha nafasi ya wiki tano. Kisha aitoe hiyo zipu, aweke vishikizo vya kitambaa pande zote mbili za mgongo na kamba ya satini ya kukaza kama viatu, na nyuma ya kamba kitambaa cha kuziba mgongo usionekane. Vidole vyako vinne vinaingia hapo bila shida, na vingine viwili vya akiba. Tena mtindo huo watu wanaupenda, nani atajua kwamba kulikuwa na zipu? Siku yenyewe matron anakaza au analegeza kulingana na hali.

Kama bado pembeni panabana, fundi aingize vipande chini ya kwapa mpaka kiunoni. Kitambaa atatoa wapi? Kwenye pindo au mkia wa gauni hilo hilo! Ndiyo maana nasema siku zote, vipande vinavyokatwa chini visitupwe, ni mali yako, vitie kwenye mfuko uondoke navyo. Kitambaa cha dukani hata kikifanana kitaleta kituko, gauni krimu na kipande cheupe pe, kwenye picha utaonekana umeweka kiraka. Na ukilinganisha rangi toka nje kwenye jua, taa za dukani zinadanganya. Vile vijiti vya plastiki vya kifuani, vilivyoshuka mpaka tumboni vitolewe au vifupishwe, vinachoma. Na pindo la mbele liachwe refu kidogo, kwani tumbo likija mbele linanyanyua gauni. Wengi wanasahau hilo, gauni linakuwa fupi mbele, refu nyuma, na hapo ndipo wamama wenye macho yao wanaanza kunong'onezana.

Jaribisha mara ya mwisho siku nne au tano kabla, siyo wiki tatu kabla. Na shoga yangu, kwa jina la Mungu, usipeleke kwa fundi wa mama mkwe. Fundi mzuri anaona mengi kuliko daktari, na siyo wote wenye kifua. Vuka mtaa, vuka hata daraja, tafuta fundi ambaye hajui ukoo wenu. Kumwambia mama au kutomwambia, hilo ni lako na mwenzio. Ukiniuliza mimi, ningemtuma mchumba akaongee na mama yake kabla ya sendofu, kwa sababu mwezi wa nne, wa tano, hakuna fundi wa kuuficha. Lakini ndoa ni yenu, siyo ya safu hii.

Tuwaguse wanaokodi, ambao kusema kweli ndiyo wengi, na siyo aibu. Gauni la kukodi siyo lako. Huwezi kulikata, huwezi kulifumua bila ruhusa ya mwenyewe. Namjua dada mmoja aliyelikodi Ijumaa, likamburuza, akamwita fundi wa jirani akalikata pindo inchi tatu. Jumatatu mwenye gauni akadai bei ya gauni zima, na haki alikuwa nayo, kwani mteja aliyefuata alikuwa mrefu. Unapokodi uliza kinachoruhusiwa, na kiandikwe kwenye risiti. Maduka mengi yana fundi wao, atakubana kwa uzi wa mkono unaofumuka baadaye bila kuacha alama, na pindo atalikunja ndani bila kulikata. Jaribisha kabla ya kulipa, na jaribisha gauni lile lile utakalopewa, siyo pacha wake. Angalia zipu, angalia kwapani, angalia kama bibi harusi aliyetangulia hakuacha vipodozi vyake shingoni.

Na viongozi wako wa dini waulize mapema. Makanisa mengine hayataki mabega wazi wala mgongo, na kuna waliorudishwa mlangoni wakaazimwa khanga. Fundi anaweza kukuwekea mikono ya lesi, au kikoti kifupi cha kuvua ukifika ukumbini. Kwa wenzetu Waislamu wanaotaka mikono mirefu na shingo kufungwa, ni kazi hiyo hiyo, ila kumbuka hina na piko zikauke kabisa kabla ya kuingiza mkono. Doa la hina kwenye satini nyeupe halina fundi.

Gauni likishakaa, usisimame tu mbele ya kioo na kugeuza shingo. Kaa. Piga magoti, kwa sababu madhabahuni utapiga na ukipeleka keki kwa wakwe utapiga tena. Nyanyua mikono kama unayemkumbatia mtu. Zunguka, cheza hata nyimbo mbili, fundi acheke mwache acheke. Gauni linalopendeza ukiwa umesimama tu ni la sanamu ya dukani. Wengine wanataka libane mpaka pumzi ikate, ati shepu ionekane. Shepu gani hiyo, mtu hawezi kumeza hata kipande cha keki anacholishwa?

Mkia nao uwe na mahali pa kwenda. Mwambie fundi aweke vifungo vidogo vichache nyuma ya kiuno na vitanzi chini ya mkia, ili mkitoka kanisani matron aunyanyue na kuufunga. Afanye hivyo akishamaliza pindo. Matron mwenyewe awepo siku ya kujaribisha ajifunze, maana nimeona kina mama sita ukumbini wamelizunguka gauni kama fundi magari, kila mmoja anavuta kwake. Huyo matron mkobani awe na sindano iliyokwisha kutiwa uzi, pini za kutosha, mkasi mdogo na chaki nyeupe ya shule. Chaki ukiipaka juu ya doa dogo kwenye gauni jeupe, kwenye picha doa halionekani.

Dada aliyeuliza kuhusu kulipiga pasi: neti na lesi nyingi ni za nailoni na poliesta, pasi ya moto ikizigusa zinayeyuka kama plastiki. Tumia mvuke, au liweke pasi ndogo kwa ndani juu ya kitambaa cha pamba. Na yule anayetaka kulifua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ili amrithishe mdogo wake, asithubutu, inaweza kuugeuza weupe kuwa njano.

Nafasi imekwisha, mhariri ananiangalia kwa jicho baya. Wiki ijayo ni zamu ya makaka na zile suti za kuazima ambazo mikono inafunika vidole. Tuonane hapa hapa.